Sehemu 97 za Doctor Who: Nani Alizitupa, Nani Kazificha

Nyumbani kwetu kulikuwa na mkanda wa video wa harusi ya mjomba. Siku moja binamu yangu alitaka kurekodi fainali, maduka yamefungwa, akachukua mkanda uliokuwa juu ya kabati. Mpaka leo ukiuweka, bibi harusi anaingia ukumbini, anapiga hatua tatu, halafu ghafla mpira unarushwa kutoka pembeni. Binamu hakuwa na nia mbaya. Mikanda ilikuwa ghali, mechi inaanza, na harusi si ilishapita?

Ukikielewa kisa hicho umeshaelewa nusu ya habari ya Doctor Who, tamthilia ya sayansi ya kubuni ya Waingereza ambayo shirika lililoitengeneza liliifuta kwa mikono yake lenyewe, na mashabiki wake wamekuwa wakiikusanya vipande vipande kwa zaidi ya miaka 40. Nusu ya pili ndiyo ngumu: watu waliookoa na watu wanaoficha mara nyingi ni wa kundi moja.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ilianza kurushwa na BBC Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Mhusika wake ni msafiri asiye wa dunia hii, anaitwa Daktari tu, anayezunguka nyakati na sayari ndani ya kibanda cha simu cha polisi. Kwa nje kibanda ni chembamba, kwa ndani ni jumba. Mwaka 1966, William Hartnell aliyemwigiza Daktari afya yake ilipodhoofika, waandishi walibuni hila ambayo sijui tamthilia nyingine ingethubutu: Daktari alianguka sakafuni, sura ikabadilika, akainuka akiwa mtu mwingine, Patrick Troughton. Kwa hila hiyo tamthilia ilidumu hadi 1989, ikafufuliwa 2005, na waigizaji wamekuwa wakipokezana tangu hapo.

Kati ya 1963 na 1969, enzi ya picha nyeusi na nyeupe, zilitengenezwa sehemu 253. Mikanda ya video iliyotumika kuzirusha yote ilifutwa, haukubaki hata mmoja. Kinachotazamwa leo karibu chote ni kopi za filamu zilizonusurika kwa njia hii au ile, na baada ya ugunduzi mkubwa wa 2013 zilibaki sehemu 97 ambazo picha zake hazikujulikana ziko wapi. Hata ile ya Hartnell kubadilika ni mojawapo. Tunayo tukio lenyewe la kubadilika kwa sababu tu kipindi cha watoto cha Blue Peter kilikionyesha kipande hicho mwaka 1973.

Kwa nini BBC walifuta? Watu hupenda jibu moja, tena la kumtafuta mjinga. Ukweli ni kwamba hakuna ofisi iliyokuwa na jukumu la kutunza. Mkanda wa video wa wakati ule ulikuwa na upana wa inchi 2, bei yake kubwa, na ulitengenezwa makusudi ili utumike tena na tena. Waliokuwa nao ni mafundi, na kwao mkanda ulikuwa kifaa kama betri au taa. Maktaba ya filamu ilitunza filamu, na video si filamu. Idara ya kuuza vipindi nje ya nchi ilikuwa na kopi za filamu, ila ilizihitaji kwa muda ambao bado zinauzika. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye mwenye nakala ya kudumu.

Juu ya hapo kulikuwa na chama cha waigizaji. Waigizaji waliogopa, na kwa haki, kwamba BBC wakirudia vipindi vya zamani kila wiki kazi mpya zitakwisha. Mikataba ikaweka ukomo wa kurudia. Muda wa ruhusa ukipita, kipindi kilikuwa hakiwezi kurushwa bila mazungumzo mapya na malipo mapya. Kisha ikaja televisheni ya rangi, na nani angetaka kununua hadithi isiyo na rangi? Hakuna aliyeota kwamba siku moja watu wangenunua vipindi vizima wakaviweka sebuleni.

Hapa sasa kuna njia ya kutokea. Kabla mkanda haujafutwa, BBC walikuwa wakiweka kamera ya filamu mbele ya kioo maalumu cha televisheni na kupiga picha ya kipindi kikiwa kinachezwa. Matokeo yake ni filamu ya milimita 16, nyepesi, inayoweza kuchezwa na kituo chochote duniani bila kujali mitambo yake. Filamu hizo ziliuzwa Australia, New Zealand, Hong Kong, na Afrika pia: Nigeria, Zambia, Sierra Leone, Uganda, Kenya. (Sisi wa Tanzania Bara hatumo katika orodha kwa sababu rahisi. Televisheni ilianza kwetu 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka 20 na ushei.) Kituo kikimaliza kurusha kilitakiwa kuzirudisha London, kuziharibu, au kuzipeleka kwa mnunuzi anayefuata. Mikebe ya bati ikawa inasafiri kutoka nchi moja hadi nyingine kama barua ya mnyororo, na kama barua zote za mnyororo, kuna mahali ilikwama.

Wakati huohuo, majumbani Uingereza, kulikuwa na vijana wachache waliokuwa wakifanya jambo ambalo majirani waliliona la ajabu. Jumamosi jioni waliweka kipaza sauti mbele ya spika ya televisheni na kurekodi sauti ya kipindi kwenye rekoda ya kanda. Mwerevu zaidi aliunganisha waya moja kwa moja kwenye mitambo ya televisheni, sauti ikatoka safi bila kikohozi cha baba wala mlango kubamizwa. Hawakuwa na chama wala hawakufahamiana. Walitaka tu kusikiliza tena, kama mtu anavyorekodi wimbo redioni. Kwa sababu yao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Zote. Picha hakuna, sauti ipo kamili.

Na picha kidogo zipo pia. London kulikuwa na mpiga picha aitwaye John Cura aliyejitafutia riziki kwa kupiga picha kioo cha televisheni kipindi kikiwa hewani, kisha kuwauzia waigizaji na waongozaji waliotaka ukumbusho wa kazi yao, kwani kipindi kikishapita kimepita. Kwa sehemu moja ya dakika 25 alipiga picha kama 70 hivi, ndogondogo. Ukizipanga kwa mfuatano na kuweka chini yake sauti ya wale vijana, unapata kitu kinachokaribia kutazama. Mashabiki walifanya hivyo hasa: miaka ya 1990 walitengeneza video za picha tuli na sauti, wakazisambaza bila faida. Unatuma mkanda mtupu na nauli ya posta, unarudishiwa umejaa.

Kufikia hapo vyama vilikuwa vimeshakomaa. Kulikuwa na klabu ya mashabiki tangu miaka ya 1960, lakini chama kilichodumu, Doctor Who Appreciation Society, kilianzishwa 1976, kikitokana na kikundi cha wanachuo London. Mwaka uliofuata kilifanya mkutano wake wa kwanza katika ukumbi wa kanisa eneo la Battersea. Australia nao walipata klabu mwaka huohuo wa 1976 kwa njia ya kisiasa zaidi: shirika la utangazaji la nchi hiyo lilitaka kuacha kununua tamthilia, mashabiki wakaandamana, na maandamano yakazaa klabu.

Mtu wa nje hudhani chama cha mashabiki ni watu wazima wanaovaa skafu ndefu za rangirangi. Skafu zipo, sikatai. Lakini kazi kubwa ya chama mwanzoni ilikuwa ukarani. Hadithi za zamani hazikuwa zikirudiwa, hazikuwa madukani, na mwanachama wa miaka 17 hakuwa amezaliwa au alikuwa mchanga zilipotoka. Kwa hiyo chama kiliunda idara ya marejeo: watu waliokwenda kuchimba majarida ya ratiba, kuandika muhtasari wa kila hadithi, majina ya waigizaji, tarehe za kurushwa, kisha karatasi zikatolewa kopi na kuuzwa kwa wanachama kwa bei ya kurudisha gharama. Siku hizi unagusa simu unaipata orodha hiyo kwa sekunde. Orodha hiyo iliandikwa na mtu, kwa taipureta.

Ukarani huo ulikuwa na kasoro yake. Watu waliijua tamthilia kwa muhtasari na kwa kumbukumbu za utotoni, na kumbukumbu za utotoni hukuza mambo. Ilipotoka hadithi ya The Deadly Assassin mwaka 1976, iliyowaonyesha watu wa kabila la Daktari kuwa wazee wa fitina na ubadhirifu badala ya miungu, kiongozi wa chama aliandika mapitio makali kwamba tamthilia imeharibiwa. Leo hadithi hiyohiyo iko kati ya zinazopendwa sana. Walikuwa wakitetea kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitazama tena ili kuhakiki.

Pengo hilo la kutotazama tena ndilo lililojenga soko la kukusanya. Kuanzia 1973 kampuni ya Target ilitoa vitabu vyembamba vya karatasi laini vinavyosimulia upya hadithi za televisheni. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Kwa mtoto wa wakati ule, kitabu hicho ndicho kilikuwa mkanda wake: akitaka kurudia hadithi, anaisoma. Wengi wao, wakiwa wazima, wanakiri kwamba walijifunza kupenda kusoma humo. Video ya kwanza ya tamthilia ilitoka 1983 kwa karibu pauni 40, bei ya kumfanya mzazi aulize mara mbili.

Vitu vingine vilikusanywa kwa sababu tu vipo, na hapa mtu wa nje anaweza kucheka kwa haki. Mwaka 1988 kampuni ya Dapol ilianza kutoa wanasesere wa plastiki. Davros, yule muumba wa Dalek, viumbe maadui wa Daktari wanaoishi ndani ya magamba ya chuma, kwenye televisheni ana mkono mmoja unaofanya kazi. Dapol wakamtoa na mikono miwili, imekamilika. Mbwa wa chuma aitwaye K9, ambaye ni wa kijivu, akatoka kijani. Meza ya kuendeshea chombo ina pande 6, wao wakatoa ya pande 5. Mnunuzi wa kawaida angerudisha dukani. Mkusanyaji akanunua haraka kabla makosa hayajasahihishwa. Nimewahi kumwuliza mtu mwenye Davros wa mikono miwili kwa nini anamthamini kuliko aliyesahihishwa, akaniangalia kama nimeuliza kwa nini mtu anampenda mwanawe wa kwanza.

Lakini kukusanya wanasesere na kukusanya filamu ni mambo mawili tofauti. Mwanasesere ni wako, una risiti. Filamu ya milimita 16 iliyotoka kwenye pipa la taka la shirika la utangazaji ni ya nani?

Mwaka 1978 Ian Levine, aliyekuwa maarufu kama DJ na mkusanyaji wa santuri za soul, alikwenda ofisi za BBC za kuuza vipindi akitaka kununua kopi za hadithi za zamani. Akakuta hadithi ya kwanza kabisa ya Dalek, sehemu zote 7, zimefungwa pamoja zikingoja kutupwa. Alizuia. Mwaka huohuo BBC walimteua Sue Malden kuwa mtu wa kwanza mwenye kazi ya kuchagua nini kitunzwe, naye akaanza kuuliza kila idara ina nini. Ufutaji ukakoma, na hesabu ya kilichobaki ikaanza.

Tangu hapo sehemu zimekuwa zikirudi kutoka mahali pa ajabu. Mbili zilipatikana 1983 katika jengo la kanisa la Wamormoni London, na namna zilivyofika huko ni kitendawili. Nne zilikutwa 1988 ndani ya kabati la jengo la BBC lenyewe wakati wafanyakazi wanahama. Hadithi nzima ya The Tomb of the Cybermen ilirudi kutoka Hong Kong mwishoni mwa 1991. Moja ilipatikana New Zealand mwaka 1999 kwa mkusanyaji aliyeinunua bila kujua kwamba duniani hakuna nyingine. Mbili zilirudi 2011 kutoka kwa mhandisi mstaafu aliyezinunua kwenye tamasha la shule miaka ya 1980.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Australia. Wakaguzi wa filamu wa huko walikuwa wakikata matukio waliyoona yanatisha watoto: mtu anakabwa, Dalek anaua. Kama serikali yoyote makini, walihifadhi vipande walivyokata kama ushahidi wa kazi. Mwaka 1996 mashabiki wawili wakavikuta katika hifadhi ya nyaraka ya taifa. Sehemu kamili zimepotea, ila sekunde zilizokatazwa zipo. Mtoto wa Australia wa miaka ya 1960 aliona kila kitu isipokuwa hicho, na sisi tunaona hicho tu.

Sasa kwa nini mwenye filamu asiiseme? Sababu ya kwanza ni hofu, na haikuwa hofu ya bure. Mchekeshaji mashuhuri wa televisheni ya Uingereza, Bob Monkhouse, alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa filamu nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 polisi walimvamia, wakazichukua, akashtakiwa kwa njama za kuzilaghai kampuni za filamu. Mwaka 1979 jaji alisema hakuna kesi ya kujibu, lakini mkusanyaji mdogo aliyekuwa akisoma gazeti asubuhi hiyo alijifunza somo lake. Kama mtu tajiri na maarufu anaburutwa mahakamani, mimi mwenye mikebe mitatu chini ya kitanda itakuwaje? Akafunga mdomo, na wengine hawajaufungua mpaka leo, ingawa BBC wamekuwa wakiazima filamu, wanatoa kopi na kumrudishia mwenyewe.

Sababu ya pili haina heshima kama hiyo. Kitu cha pekee kina thamani kwa sababu ni cha pekee. Siku BBC wanapokitoa madukani, mwenye nacho anabaki na filamu iliyochubuka tu. Kuna pia raha, nayo ni ya kweli hata kama haipendezi, ya kukaa katika mkutano wa mashabiki ukiwasikiliza wakibishana kuhusu hadithi ambayo wewe umeitazama jana usiku.

Sababu ya tatu ni kwamba wengine hawajui walicho nacho. Mkebe umeandikwa jina la filamu nyingine, mwenyewe amezeeka, mtoto wake hana mashine ya kuchezea. Na filamu hizo haziishi milele: zikihifadhiwa vibaya huoza polepole na kutoa harufu ya siki. Ukifungua mkebe ukanusa achari, umechelewa au unakaribia kuchelewa.

Tusiwaonee wakusanyaji, kwa sababu upande wao mwingine umefanya maajabu. Hadithi ya The Dæmons ya 1971 ilitengenezwa kwa rangi, lakini sehemu zake 4 kati ya 5 zilibaki kwenye filamu isiyo na rangi. Mshabiki mmoja Marekani alikuwa amezirekodi nyumbani kwake zikiwa na rangi, picha yenyewe hafifu. Mafundi, baadhi yao mashabiki walioajiriwa BBC, walichukua rangi ya mkanda wa Mmarekani wakaipaka juu ya picha kali ya filamu, na mwaka 1992 hadithi ikarushwa tena ikiwa na rangi zake. Na mashabiki hao ndio waliokuja kuimiliki tamthilia: Russell T Davies aliyeifufua 2005 alikuwa mmoja wao, na Peter Capaldi, Daktari wa 12, aliandika barua gazetini mwaka 1974 akiwa kijana wa miaka 15 kuisifu.

Tufike Jos, Nigeria. Philip Morris, Mwingereza anayetafuta vipindi vilivyopotea kwa kuzungukia vituo vya televisheni duniani, aliingia stoo ya kituo cha huko na kukuta mikebe yenye vumbi, juu yake utepe wa karatasi ulioandikwa kwa mkono Doctor Who. Oktoba 2013 BBC walitangaza: sehemu 11 za hadithi mbili, The Enemy of the World na The Web of Fear, ambazo 9 kati yake zilikuwa zimepotea. Uvumi ukalipuka mara moja kwamba amepata karibu zote na anazificha. Hakuna kilichofuata.

Ila katika The Web of Fear, yenye sehemu 6, zilirudi 5. Inayokosekana ni ya 3, na si sehemu ya kawaida: ndimo Nicholas Courtney anapotokea mara ya kwanza kama Lethbridge-Stewart, afisa wa jeshi aliyekuja kuwa rafiki wa Daktari kwa miongo na kipenzi cha mashabiki. Morris ameeleza kwamba alipoikuta mikebe kwa mara ya kwanza sehemu ya 3 ilikuwapo. Mazungumzo ya kuzitoa yakachukua muda, habari zikavuja, na mzigo ulipofika mkebe mmoja haukuwamo. Anaamini uliuzwa kwa mkusanyaji.

Kwa hiyo hadithi ilipotoka madukani, mtazamaji alipomaliza sehemu ya 2 picha ilisimama. Kwa dakika 25 zilizofuata alitazama picha tulizoachiwa na John Cura, moja baada ya nyingine, huku sauti ya Courtney ikitoka kwenye kanda iliyorekodiwa nyumbani kwa mtu, jioni ya Jumamosi, tarehe 17 Februari 1968.